Ngome ya Siyu na Kazi ya Msanifu wa Majengo

Kijana msomaji, nataka kukuuliza swali ambalo niliwauliza wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu siku moja, tulipokuwa tukisoma habari za pwani. Pana jengo la mawe la zamani. Walioliijenga wamekwisha kufa, na kazi lililojengewa imekwisha pia. Je, tulifanye nini? Mwanafunzi wa kwanza alijibu kuwa libomolewe, na mawe yake yajengewe shule au zahanati, maana walio hai wana haki kuliko wafu. Wa pili alisema liachwe kama lilivyo, lisiguswe hata kwa kidole. Wa tatu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, litengenezwe, lipewe kazi nyingine." Darasa zima lilimwunga mkono. Lakini nilipomwuliza litengenezwe kwa namna gani, na lipewe kazi ipi, hakuwa na jibu. Na siku ile sisi sote hatukuwa nalo. Insha hii ni jaribio la kulijibu swali hilo, na mfano nilioutwaa ni wa mji mmoja mdogo uitwao Siyu.

Siyu iko katika kisiwa cha Pate, mojawapo ya visiwa vya Lamu, nchini Kenya. Mtu aendaye huko kwa chombo hupita katika hori nyembamba yenye mikoko kila upande, na hana budi kungoja maji yajae. Maji yakitoka hubaki tope tupu. Leo nyumba nyingi za Siyu ni za udongo na makuti, na kando yake yamesimama magofu ya nyumba za mawe. Mgeni asiyejua habari angeweza kudhani kwamba mji huu haukupata kuwa na jina. Angekosea sana. Katika karne ya 18 na ya 19 Siyu ilisifiwa kwa mambo mawili, elimu na ufundi. Palikuwa na maulamaa walioendewa na wanafunzi, na waandishi walionakili Kurani kwa mkono na kuzipamba kwa wino mweusi na mwekundu. Palikuwa na mafundi wa ngozi, wa mbao, na wa chuma, na kazi za mikono yao zilitafutwa katika miji mingine ya pwani.

Siyu vilevile ilikuwa mji mgumu kutawaliwa. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Unguja, alipotaka kuitiisha pwani yote, alimkuta Siyu mtawala asiyeinama, jina lake Bwana Mataka. Majeshi ya Sayyid yalikuja na mizinga na marikebu, lakini mikoko, tope, na ushujaa wa wenyeji vilikuwa silaha pia. Mwaka 1845 amiri jeshi wa Sayyid, Amir Hamad, aliuawa katika vita vya Siyu, na jeshi lake likarudi nyuma. Mji haukushindwa mpaka mwaka 1863, katika enzi ya Sayyid Majid. Mwana wa Bwana Mataka, Sheikh Muhammad, alipelekwa Mombasa, akafungwa katika Ngome ya Yesu, na humo ndimo alimofia. Likumbuke jambo hili, msomaji, kwa sababu tutalirudia.

Shahidi mkubwa wa mambo hayo aliyebaki Siyu ni ngome. Imesimama karibu na maji, imeielekea hori, nayo ina kuta nene za mawe na ua ndani. Kuhusu aliyeijenga ziko kauli mbili. Wako wasemao kuwa ilijengwa na wenyeji wenyewe, katika zama za Bwana Mataka, ili kuwazuia maadui. Wako wasemao kuwa ilijengwa kwa amri ya Masultani wa Unguja, ili kuwazuia wenyeji wasiasi. Ukizitazama kauli hizi mbili utaona kuwa si tofauti ndogo. Kwa kauli ya kwanza ngome ni fahari ya Siyu. Kwa kauli ya pili ni pingu yake. Nayo kuta ni zile zile.

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye kazi yake ni maudhui ya insha hii, yaani msanifu wa majengo. Watu wengi hudhani kuwa msanifu ni mtu wa kuchora nyumba mpya tu. Lakini wako wasanifu ambao kazi yao ni kuyashika majengo ya kale yaliyolindwa na sheria, kuyatengeneza, kuyapa matumizi mapya, na pengine kuyaongezea sehemu ambazo hayakuwa nazo. Kazi hiyo ni ngumu kuliko ya kujenga kipya. Ajengaye kipya huanza na kiwanja kitupu na hufuata shauri lake. Ashikaye jengo la kale huingia katika mazungumzo yaliyoanza kabla hajazaliwa, na adabu ya mtu aingiaye katika mazungumzo ya wakubwa ni kusikiliza kwanza.

Basi kazi ya kwanza ya msanifu ni kupima na kuchora. Hupima kila ukuta, kila mlango, kila kidaka, naye haandiki lile analolitamani bali lile analoliona. Usam Ghaidan, msanifu aliyezaliwa Iraq na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alifanya hivyo katika mji wa Lamu, na kitabu chake juu ya mji huo kilitoka mwaka 1975. Baadaye Francesco Siravo, msanifu wa Kitaliana, aliandaa mpango wa kuuhifadhi mji huo, ambao ulichapishwa mwaka 1986. Mwaka 2001 Mji wa Kale wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Usidhani kuwa sifa hiyo ilishuka kutoka mbinguni. Kabla ya sifa palikuwa na watu walioinama na kamba ya kupimia mikononi, katika vyumba vyenye giza na vumbi.

Kazi ya pili ni kujua pa kukomea. Mwaka 1964 wasanifu na mafundi wa nchi mbalimbali walikutana Venice, Italia, wakaandika mkataba ambao hata leo ni mwongozo wa kazi hii. Miongoni mwa maneno yake makuu ni kwamba kutengeneza kunapasa kukoma pale kubahatisha kunapoanza. Litie neno hilo katika habari ya ngome ya Siyu. Msanifu aaminiye kuwa ngome ni ya Bwana Mataka asiongeze pambo la kuithibitisha imani yake. Wala aaminiye kuwa ni ya Sultani asifute alama isiyomfaa. Yapasa aziache kuta zitoe ushahidi wote zilio nao, ili mtoto wa Siyu atakayezaliwa miaka 100 ijayo aweze kuzihoji upya. Atengenezaye jengo kwa kubahatisha humtia shahidi maneno kinywani.

Kazi ya tatu ni kumjua adui wa jengo. Adui mkubwa wa nyumba za mawe za pwani si mzinga, bali ni maji. Ili ulielewe jambo hili yakupasa kujua jinsi nyumba hizo zilivyojengwa. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya biwi kubwa la kuni. Kisha hutiwa maji, na huachwa muda mrefu ipate kulainika. Dari ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na juu yake mawe na chokaa iliyopigwa mpaka ikashikana. Kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kubeba uzito huo ikiwa ndefu mno, upana wa chumba hauzidi mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za Lamu, Pate na Siyu ni virefu na vyembamba. Umbo la nyumba liliamriwa na mti wa pwani.

Sasa tazama jengo linavyokufa. Chokaa ya juu hupata ufa mdogo. Mvua hupenya katika ufa huo na kuzifikia boriti, nazo huoza polepole mahali ambapo jicho halioni, pale vichwa vyake vilipoingia ukutani. Siku moja dari huanguka. Tangu hapo ukuta hauna kofia: mvua huingia kwa juu, mbegu ya mti huota katika mawe, na mzizi hufanya kazi ambayo mizinga ya Sayyid ilishindwa kuifanya. Wahenga waliposema "usipoziba ufa utajenga ukuta," twalitumia neno lao kuonyana juu ya tabia. Lakini kwa mwashi wa pwani neno hilo ni habari ya kweli ya kazi yake ya kila mwaka.

Hata mwenye kuuziba ufa aweza kukosea. Siku hizi saruji hupatikana upesi, hukauka upesi, na huonekana ngumu, basi wengi hupaka saruji juu ya ukuta wa chokaa wakidhani kuwa wameutia nguvu. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuutoa tena. Chokaa huuacha upumue. Saruji huufunga mlango huo. Unyevu na chumvi ya bahari hubaki ndani, matumbawe huanza kusagika, na baada ya miaka kadhaa saruji hubanduka ikiwa imeshika vipande vya ukuta wenyewe. Ngome iliyo karibu na maji kama ya Siyu haiwezi kuvumilia kosa la namna hiyo. Kwa hiyo msanifu mwenye hekima hamwendei muuza saruji kwanza; humtafuta fundi mzee ajuaye kuchoma chokaa, tena humpa vijana wa kujifunza kwake. Fundi huyo akifa bila mwanafunzi, zimekufa kuta nyingi pamoja naye, ingawa bado zimesimama.

Tumefika katika kazi ya nne, nayo ndiyo iliyomshinda mwanafunzi wangu wa tatu: jengo lipewe kazi gani? Jengo lisilo na kazi halina mtu wa kuuona ufa wake. Lakini si kila kazi yalifaa kila jengo. Hebu tuzitazame ngome mbili nyingine za pwani ya Kenya.

Ya kwanza ni ngome ya Lamu, iliyomalizika kujengwa mwaka 1821. Tangu mwaka 1910 ilikuwa gereza, na ilibaki gereza mpaka mwaka 1984, ilipokabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ilitengenezwa kwa msaada wa Sweden, na mahali palipofungwa watu pakawa mahali pa maonyesho, pa mikutano, na pa maktaba. Ya pili ni Ngome ya Yesu ya Mombasa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati. Nayo ilifanywa gereza, kuanzia mwaka 1895 mpaka mwaka 1958. Kisha kwa msaada wa fedha za wakfu wa Gulbenkian ilitengenezwa, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Ukumbi wa maonyesho ulijengwa mahali palipokuwa na makao ya askari zamani, na kuta kubwa hazikuvunjwa. Sasa mkumbuke Sheikh Muhammad wa Siyu. Ngome ile iliyomfunga mpaka akafa leo huingiwa na watoto wa shule kwa furaha, nao hutoka na elimu. Lau ingalibomolewa kwa chuki ya gereza, habari yake ingalikosa mahali pa kusimuliwa. Lau ingalipakwa rangi na kupambwa mpaka ugumu wake usionekane, habari hiyo ingalikuwa uongo. Matumizi mapya yaliyo mema ni yale yanayomfaa aliye hai bila ya kumnyamazisha aliyekufa.

Yabaki kazi ya tano, yaani kuongeza. Wengine hudhani kuwa kuongeza sehemu mpya katika jengo la kale ni mawazo ya kigeni, na kwamba wazee wetu walijenga mara moja wakanyamaza. Sivyo. Katika miji ya visiwa vya Lamu, nyumba ya mawe ilikuwa haimaliziki. Binti alipokuwa tayari kuolewa, baba mwenye uwezo alimpatia nyumba, na mara nyingi nyumba hiyo ilijengwa kando ya ile ya wazazi, au juu yake. Ikiwa kiwanja hakipo, waashi walivuka njia kwa juu: walijenga chumba kilichounganisha nyumba mbili, na watu wakapita chini yake. Chumba hicho huitwa wikio. Itazame hekima ya wikio, msomaji. Familia imepata nafasi, nyumba ya zamani haikuvunjwa, na njia ya watu haikuzibwa. Mgeni akiinua macho hutambua kuwa chumba kile kilikuja baadaye, lakini haoni kuwa kimeleta fujo, kwa sababu kimejengwa kwa mawe yale yale, boriti zile zile, na kipimo kile kile.

Mkataba wa Venice wasema karibu maneno hayo hayo: nyongeza itambulikane kuwa ni nyongeza, wala isiharibu ulingano wa jengo la asili. Waashi wa visiwa vya Lamu walikuwa wakiifuata kanuni hiyo kwa mikono yao kabla haijaandikwa Ulaya kwa kalamu.

Tuchukulie sasa kuwa watu wa Siyu wameamua ngome yao iwe mahali pa kufundishia ufundi wa ngozi, wa mbao, na wa kuandika kwa hati nzuri, na wewe ndiwe msanifu uliyeitwa. Utafanyaje? Madarasa yaweza kukaa ndani, kwa kuwa hayadai kuvunja ukuta. Lakini vyoo na tangi la maji usivitie ndani, maana umekwisha kujua kuwa maji ni adui. Utavijenga nje, mbali kidogo na ukuta, vifupi kuliko ngome, ili mtu ajaye kwa chombo aione ngome kwanza kama walivyoiona mababu. Kabla ya kuchimba msingi utawaita wataalamu wa mambo ya kale waitazame ardhi, kwa kuwa katika mji kama Siyu ardhi nayo ni kitabu. Nyaya za umeme hutazichimbia ukutani. Utazipitisha juu ya ukuta, ili siku ya kuziondoa zisiache jeraha. Ukitaka kivuli uani, utasimamisha nguzo zisizouchoma ukuta, na kuezeka makuti. Kwa kila jambo utajiuliza: je, atakayekuja baada yangu ataweza kuliondoa hili na kulikuta jengo likiwa zima? Ikiwa jibu ni ndiyo, endelea. Ikiwa ni la, weka kalamu chini ufikiri tena.

Najua kuwa mwanafunzi wa kwanza bado hajaridhika. Atasema kwamba watu wanahitaji maji, dawa na kazi kuliko kuta kuukuu. Neno lake lina haki, wala si la kudharauliwa. Jengo la kale lisiwe sababu ya kuwanyima walio hai riziki yao. Lakini na afikirie: kutengeneza kwa chokaa kunawapa kazi wachomaji, waashi, wakata boriti, na manahodha wa hapo hapo, fedha ya saruji huondoka kisiwani pamoja na jahazi iliyoileta. Tena uzembe una gharama kubwa kuliko matengenezo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Jengo lililongoja mno laweza kumwua hata yule aliyekuja kulitibu. Na mwanafunzi wa pili, aliyetaka jengo lisiguswe, naye ajue kuwa hakuna jengo lisiloguswa. Usipoligusa wewe, litaguswa na mvua.

Ngome ya Siyu imebahatika kushikwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kufanyiwa matengenezo. Magofu ya nyumba zilizoizunguka hayakupata bahati hiyo, na kila masika huyapunguza. Humo ndimo walimoishi wale waandishi, maulamaa, na mafundi niliokutajia. Hatuwezi kuyatengeneza yote, lakini tunaweza kuyapima na kuyachora kabla hayajaanguka, na kazi hiyo haihitaji fedha nyingi bali subira.

Basi, kijana msomaji, sikutaki uamini kila neno langu; nataka ufanye jambo moja. Katika mji wako au karibu na kijiji chako lipo jengo la kale: msikiti, kanisa, nyumba ya mfanyabiashara, stesheni ya garimoshi, au boma la mkoloni. Nenda ulitazame jioni moja na daftari mkononi. Pima mlango wake. Uliza wazee ni nani aliyelijenga, na wakikupa kauli mbili, ziandike zote mbili. Kisha tazama juu, pale dari linapokutana na ukuta, uone kama pana ufa. Ukiuona, usinyamaze, mwambie mwenye jengo. Mwanafunzi wangu wa tatu hakuwa na jibu siku ile, lakini kazi aliyoitafuta huanza hapo.